Wacheni Kutuahidi Zanzibar

Wasee, wacha niseme hii kitu leo, mnitukane kesho.

Kila mtu mwenye cheo akikanyaga ufuo wetu wa Nam Lolwe husema maneno yale yale. Anaangalia maji, anaangalia mchanga, anavuta pumzi, halafu: "Hapa panaweza kuwa Zanzibar." Kama amesafiri sana anasema Maldives. Watu wanapiga makofi. Mimi pia napiga, kwa sababu simu yangu inarekodi na makofi yanasikika poa kwa video.

Tarehe 1 Juni 2025 sherehe za Madaraka zililetwa Homa Bay, na mada ya mwaka ilikuwa uchumi wa buluu. Kama ulilala darasani, uchumi wa buluu ni pesa inayotoka kwa maji: samaki, meli, bandari, watalii. Tangu siku hiyo stori ya Zanzibar yetu imeongezewa sauti. Takawiri ndio hutajwa sana. Ina mchanga mweupe, ina minazi, na ukiipiga picha bila kuonyesha watu, mtu wa Nairobi hawezi jua ni ziwa.

Bila kuonyesha watu. Shika hiyo, nitairudia.

Tuanze na Zanzibar yenyewe, maana wengi wanaoitaja ni kama hawajawahi kuisoma. Ni visiwa ambavyo sensa ya 2022 ilihesabu watu wasiofika milioni mbili, na mwaka 2024 walipokea wageni zaidi ya laki saba. Serikali yao inajua hesabu hiyo, ndio maana tangu 2021 imekuwa ikikodisha visiwa vidogo kwa wawekezaji wakubwa wajenge hoteli za kifahari. Kwa karatasi inapendeza. Lakini mwaka 2012 shirika moja la Uingereza, Tourism Concern, lilitoa ripoti ya maji katika Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Nyumba ya kawaida ilitumia lita 93 kwa siku. Chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilitumia lita 3,195. Chumba kimoja, omera. Na akina mama wa Paje na Jambiani, waliokuwa wakilima mwani kwenye maji hayo tangu 1989, sasa wanagawana ufuo na vitanda vya kuotea jua na watu wa kucheza na tiara majini.

Sisemi Zanzibar wamekosea kila kitu. Utalii unawalisha, na hata Wakenya kibao wameenda kutafuta kazi kwa hoteli zao. Nasema tu ukiniahidi Zanzibar, niahidi yote, na lita zake.

Sasa rudi kwetu. Mimi ni wa Otonglo. Kwa wale hawajui, otonglo ni jina la zamani la senti kumi, kwa hivyo nimezaliwa nikiwa nimeshathaminiwa. Nilisoma usimamizi wa hoteli semista nne kabla karo inishinde. Semista ya kwanza tulifundishwa kukunja taulo likae kama bata. Mpaka leo naweza, niletee taulo. Kile hatukufundishwa hata lisaa limoja ni nani anamiliki ufuo ambao hiyo hoteli imekalia.

Na hapo ndipo mchezo wote uko. Soma Katiba ya 2010, kifungu cha 62. Ziwa ni ardhi ya umma. Ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupungua pia ni ya umma. Yaani ni yangu na yako na ya yule mama wa omena. Lakini mwaka jana nilikuwa narekodi machweo karibu na hoteli moja, jina nitaliacha, nikiwa nimesimama ndani ya maji hadi magoti, na soja akaniambia niko kwa "mali ya watu binafsi." Nikamuuliza, maji? Akasema, "Kijana, usinifutishe kazi." Niliondoka. Ako na watoto. (Halafu kumbukeni 2020 ziwa lilipofurika likaingia Dunga mpaka kwa manyumba. Maji yenyewe yalikuja kudai mpaka wake, na hakuna soja aliyasimamisha.)

Mnakumbuka Lwang'ni? Lwang'ni ni nzi kwa Dholuo, na hilo jina ndilo lililokuwa tangazo: nzi wako, samaki wako, kaa chini ule. Mgeni yeyote akifika Kisumu alipelekwa pale kwanza. Hakuna ofisi ya utalii iliyobuni hiyo. Ni akina mama na masufuria yao. Mwaka 2019, bandari ikifufuliwa, mabanda yakabomolewa. Bandari tuliihitaji, sibishani. Lakini kivutio kikubwa cha mji kilivunjwa kwa sababu kwa ramani kilionekana kama uchafu. Hao ndio watu nasikia wakiniambia wanajua kupanga utalii.

Wacha niseme kitu ambacho hakuna mpango unakiandika. Omena inanuka. Omena huvuliwa usiku na taa, asubuhi inamwagwa juu ya nyavu zilizotandikwa ufuoni, na jua linafanya kazi yake. Inahitaji mahali pakavu, wazi, penye jua la kutosha, karibu na mashua. Sasa nionyeshe mahali pakavu, wazi, penye jua, karibu na maji, ambapo mtu wa hoteli hataki. Hakuna. Ni mchanga ule ule. Huwezi kuwa na mgeni wa shilingi elfu thelathini kwa usiku na omena ikiwa mita ishirini kutoka kwa kitanda chake. Mmoja ataambiwa ahame, na si mgeni.

Kwa hivyo mtu akisema "tutaendeleza ufuo" bila kusema omena itakauka wapi, tayari ameshaamua. Ameogopa tu kusema.

Najua kwa maoni mtaandika nachukia maendeleo. Wapi. Nataka watalii mpaka nawaota. Nendeni Dunga muone vijana wanavyopeleka wageni kwa mashua ndani ya mafunjo kutafuta ndege ambao hawapatikani kwingine ila kwenye mafunjo. Nendeni Mfangano, kuna makumbusho ya jamii ya Abasuba, na michoro ya mawe ambayo ni ya zamani kuliko serikali zote zimewahi kutuahidi kitu. Anayekuongoza ni mtoto wa hapo, pesa inalala hapo. Rusinga kuna kaburi la Tom Mboya. Hizi vitu ziko, zinafanya kazi, na nyingi zinalilia choo, gati salama na maboya ya kuokolea tu. Lakini choo hakikatiwi utepe na mkubwa, ama?

Sasa ile ya picha bila watu. Hii inaniuma, lakini wacha niitoe.

Nimeenda Takawiri mara tatu. Unatoka Kisumu hadi Luanda Kotieno, unapanda feri mpaka Mbita, halafu boti. Mara ya kwanza nilipiga video ya droni niliyoazima. Mchanga, minazi, maji, muziki. Nilingoja saa mbili nzima akina mama wamalize kuanua omena ili fremu iwe safi. Saa mbili. Nikaandika "paradiso ambayo Kenya haijui." Ndiyo video iliyotazamwa zaidi kati ya zangu zote, na ndiyo ilinilipia simu hii naandikia.

Mara ya tatu mzee wa boti aliyenivusha alinitambua. Nikamsalimia, "Jaduong', habari za ziwa?" Akakaa kimya mpaka tukafika katikati ya maji, halafu akasema, "Nyathina, wewe ndiye wa ile picha?" Nikajua anataka kunisifu. Akaniambia baada ya ile video walikuja mabroka wawili, kwa wiki moja, wakiuliza nani ana ploti ya mbele ya maji na kama anauza. Mmoja alikuwa na video yangu kwa simu. Alikuwa anawaonyesha wenyeji ufuo wao wenyewe.

"Kwa picha yako hatukai huko," jaduong' akaniambia. "Kwa hivyo yeye alifikiri hakuna mtu."

Sikuwa na jibu. Nililipa nauli, nikaongeza mia, akanirudishia hiyo mia.

So hapa ndipo nasimama. Kaunti zetu za ziwa na serikali ya Nairobi, kabla hamjatuletea mchoro mwingine wenye boti nyeupe na wazungu, chukueni ramani ya kila ufuo na mtie alama: hapa mashua hutua, hapa watu huchota maji, hapa omena hukauka. Hizo alama zisiguswe na hoteli yoyote, hata kama mwenye hoteli ni rafiki wa nani. Mkataba wa kukodisha usomwe ufuoni, kwa Kiswahili na Dholuo na Kisuba, na BMU ya hapo iwe na kiti na mgao wake, sio chai na soda siku ya uzinduzi.

Na sisi wa kontenti, mimi kwanza, tuache kungoja watu watoke kwa fremu.

Ile video ya paradiso nimeifuta jana usiku. Jumamosi naenda tena na feri ya asubuhi. Nitarekodi ufuo ule ule, saa ya omena, na nitamuuliza jaduong' kama atakubali kuongea. Akikataa nitapiga nyavu tu.