Kiti Anachokalia Diwani ni cha Nani?

Novemba 26, 2017 wananchi wa kata 43 za Tanzania Bara walipiga kura kujaza nafasi za udiwani zilizokuwa wazi. Chama Cha Mapinduzi kilishinda kata 42. Iliyobaki ilikuwa Ibighi, wilayani Rungwe, mkoani Mbeya, ambayo ilikwenda kwa CHADEMA. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiitaja kata hiyo katika mihadhara yangu kuhusu serikali za mitaa, na kila mara wanafunzi hutaka kujua watu wa Ibighi walikuwa na nini ambacho wenzao wa kata 42 hawakuwa nacho. Huwa nawarudisha nyuma hatua moja. Kabla ya kuuliza nani alishinda, tuulize viti hivyo viliachwaje wazi. Kifo huacha kiti wazi, na hilo halina mjadala. Lakini sehemu ya viti hivyo iliachwa na madiwani wa upinzani waliojiuzulu wakiwa wazima wa afya, wakatangaza kwamba wanaunga mkono juhudi za Rais, na baadhi yao wakarudi kwa wapiga kura walewale kuomba kiti kilekile kwa kadi mpya. Kata ya Kitwiru, Manispaa ya Iringa, ni mfano mmojawapo: aliyekiacha kiti akiwa CHADEMA ndiye aliyekirudia akiwa CCM.

Hoja yangu ni kwamba Nyanda za Juu Kusini hazijawahi kukosa wapiga kura walio tayari kuwachagua watu wa vyama vyenye viti vichache. Kilichokosekana ni ulinzi wa kiti baada ya kura kuhesabiwa. Sisi wachambuzi tumetumia wino mwingi kuandika juu ya siku ya uchaguzi, tukaisahau miaka mitano inayoifuata.

Historia ipo wazi. Katika uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi, mwaka 1995, NCCR-Mageuzi ilipata majimbo 16 nchini. Mbeya Mjini ilimpeleka bungeni Polisya Mwaiseje, na Iringa Mjini ikampeleka Mfwalamagoha Kibassa. Wasomaji wangu vijana, ambao wengi hudhani upinzani katika miji hii ulianza na CHADEMA, wayashike majina hayo mawili. Chama chao kilisambaratika kwa ugomvi wa ndani, Augustino Mrema akahamia TLP mwaka 1999, na mwaka 2000 majimbo yote mawili yakarudi CCM. Ilipita miaka kumi. Mwaka 2010 Mbeya Mjini ilimchagua Joseph Mbilinyi, yule msanii wa hip hop ajulikanaye kama Sugu, na Iringa Mjini ikamchagua Mchungaji Peter Msigwa. Wote wawili walirudishwa mwaka 2015, safari hii pamoja na Frank Mwakajoka wa Tunduma, Pascal Haonga wa Mbozi na David Silinde wa Momba, majimbo ambayo mwaka uliofuata yaliingizwa katika mkoa mpya wa Songwe. Muhimu zaidi kwa hoja yangu, mwaka huo CHADEMA ilipata madiwani wa kutosha kushika umeya wa Jiji la Mbeya na wa Manispaa ya Iringa.

Hapo ndipo somo linapoanza, kwa sababu umeya si uwaziri. Meya huongoza vikao vya Baraza la Madiwani na Kamati ya Fedha na Uongozi. Baraza hupitisha bajeti, hutunga sheria ndogo, hupokea taarifa za utekelezaji. Lakini Mkurugenzi, ambaye ndiye mtendaji mkuu na katibu wa baraza hilo, huteuliwa na Rais. Baraza halimwajiri. Mkuu wa Wilaya naye huteuliwa na Rais, huongoza kamati ya ulinzi na usalama, na kwa Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 anaweza kuamuru mtu awekwe mahabusu hadi saa 48. Mtumishi wa umma anayesoma makala haya anajua vizuri kuliko mimi hali ya kukaa kati ya baraza la chama kimoja na mamlaka ya uteuzi ya chama kingine. Simlaumu anapochagua kunyamaza. Mfumo ulimwandalia kiti hicho kabla hajafika.

Kisha kuna fedha. Mara tu baada ya upinzani kushika halmashauri kadhaa za mijini, ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato katika mwaka wa fedha 2016/17, na ushuru wa mabango ukafuata. (Leo kodi hiyo ya majengo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, na diwani hana hata pa kuigusa.) Mwaka 2017 ushuru wa mazao nao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Hatua hizi zilihusu nchi nzima, na ile ya mwisho wakulima wa mahindi na mpunga walikuwa na haki ya kuishangilia. Sisemi zilibuniwa ili kuwakomoa madiwani wa Mbeya na Iringa. Nasema matokeo yake yalikuwa kwamba diwani wa mjini aliyeahidi barabara ya mtaa mwaka 2015 alijikuta mwaka 2017 akiwa na mhuri, joho na mapato ya ndani yaliyopungua.

Wala hakuwa na jukwaa la kuwaeleza wananchi hayo. Kuanzia katikati ya mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, isipokuwa kwa mbunge au diwani ndani ya eneo lake, na zuio hilo liliondolewa Januari 3, 2023. Hata ruhusa ya ndani ya eneo ilikuwa na bei yake. Sugu alihukumiwa kifungo cha miezi mitano Februari 2018 kwa maneno aliyoyatamka kwenye mkutano wa hadhara jijini Mbeya, yaani katika jimbo lake mwenyewe.

Sasa tazameni jambo ambalo halijadiliwi vya kutosha. Katika miaka hiyo ya kuhama, wabunge wa CHADEMA wa mikoa hii hawakuiga mfano wa Maulid Mtulia wa Kinondoni na Godwin Mollel wa Siha, waliojiuzulu Desemba 2017 na kurejea bungeni kupitia CCM Februari 2018. Waliohama kwetu walikuwa hasa madiwani. Kwa nini? Maelezo ya haraka ni kwamba walinunuliwa, na tuhuma hizo zilitangazwa wakati ule. Mimi naona maelezo hayo hayatoshi hata pale yanapokuwa na ukweli. Mbunge ana mshahara, ana ofisi, ana kipaza sauti cha Dodoma na kamera zinazomfuata. Diwani halipwi mshahara, hupewa posho. Anaishi mtaani kwa watu waliomchagua, duka lake linahitaji leseni ya halmashauri, mwanawe anatafuta kazi, na kila asubuhi mtu anamuuliza kivuko cha mtaa kimefikia wapi. Akiambiwa kwamba kivuko kitajengwa akiwa upande wa pili, anakabiliwa na uamuzi ambao mbunge wake hajawahi kukabiliana nao kwa ukaribu huo. Tukitaka kuelewa usaliti, tuanze kwa kuangalia mahali unapopatikana kwa bei nafuu.

Mwisho wa mkondo huo Iringa iliuona Machi 2020. Alex Kimbe, meya aliyetokana na ushindi wa CHADEMA wa mwaka 2015, aliondolewa kwa kura ya kutokuwa na imani katika baraza ambalo sura yake ilikuwa imebadilishwa na waliohama. Wananchi wa Iringa hawakuwa wameitwa kwenye uchaguzi mkuu mwingine. Wingi wa viti waliokuwa wameutoa ulikuwa umeyeyuka kata moja baada ya nyingine.

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu aliwahi kuniuliza kwenye semina: «Mwalimu, diwani akihama, kura yangu inahamia wapi?» Jibu la kisheria ni kwamba haihami, inakufa. Ibara ya 71 ya Katiba inasema mbunge atapoteza kiti endapo ataacha kuwa mwanachama wa chama alichokuwamo alipochaguliwa, na diwani naye hubanwa hivyohivyo na sheria. Kwa maneno mengine, kiti ni cha chama. Ingekuwa hivyo kwa wote, tungeweza angalau kuzoea. Lakini Julai 2017, wabunge wanane wa viti maalumu wa CUF walipovuliwa uanachama na upande wa Profesa Lipumba, Spika aliutambua uamuzi huo ndani ya siku chache na viti vikatoka. Novemba 2020, CHADEMA ilipowavua uanachama wanawake 19 walioapishwa kuwa wabunge wa viti maalumu, waliendelea kukaa bungeni miaka iliyofuata. Silinde wetu alifukuzwa na chama hichohicho Mei 2020, akabaki mbunge hadi Bunge lilipovunjwa, na Oktoba akachaguliwa Tunduma kwa tiketi ya CCM. Ibara ni ileile. Kilichobadilika ni nani anafaidika na usomaji wake.

Na hata pale inapotekelezwa barabara, ibara hii inamkamata asiyestahili. Anayepinga chama chake kwa dhamiri, akabaki na msimamo wake bila kuhamia popote, akifukuzwa anapoteza kila kitu. Anayehama kwa mapatano anapoteza kiti kwa wiki chache tu, halafu anakirudia kwa uchaguzi mdogo unaolipiwa na hazina ya umma.

Ndiyo maana napendekeza jambo moja dogo: anayejiuzulu kiti cha kuchaguliwa ili kuhama chama asiruhusiwe kugombea kiti hicho mpaka muhula aliouacha uishe. Rafiki yangu mmoja mwanasheria ananiambia hilo linagusa uhuru wa kujumuika na haki ya kugombea. Linagusa, ndiyo, ila kwa kipimo kidogo: uhuru wa kuhama unabaki mzima, na haki ya kugombea inasubiri uchaguzi mkuu. Wengine watanikumbusha kwamba upinzani wenyewe ulimpokea Edward Lowassa kwa shangwe Julai 2015. Ni kweli, na shangwe ile iliwagharimu baadaye. Lakini Bunge lilikuwa limekwisha kuvunjwa. Hakuna mpiga kura wa Monduli aliyeachwa njiani. Vivyo hivyo kwa Msigwa: alipohamia CCM Juni 2024, uamuzi unaoweza kusifiwa au kubezwa, hakuwa na kiti cha Iringa cha kuondoka nacho. Tofauti hiyo ndiyo ninayotaka iandikwe kwenye sheria.

Marekebisho makubwa zaidi ni kumtoa mgombea kwenye kwapa la chama. Wazo hili si geni kwetu. Mwaka 1960, TANU iliposhinda viti 70 kati ya 71, kiti kimoja cha Mbulu kilikwenda kwa mgombea binafsi, Herman Sarwatt, na nchi haikuanguka. Aliyepigania kulirudisha alikuwa mtu wa nyanda hizihizi, Mchungaji Christopher Mtikila, mzaliwa wa Ludewa, wilaya iliyokuwa mkoani Iringa kabla ya Njombe kuwa mkoa. Alishinda Mahakama Kuu mwaka 1994, Bunge likaibadili Katiba kuziba mwanya huo. Akashinda tena mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2010. Juni 14, 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ilimpa haki yeye pamoja na Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, ikaiagiza Serikali ichukue hatua za kikatiba na kisheria kuondoa kasoro hiyo. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 4, 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi uliowapa Mbeya na Iringa mameya wa upinzani. Ibara ya 67, inayomtaka kila mgombea ubunge awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa, bado inasomeka kama ilivyosomeka siku ile.