Uchungaji ni elimu, tusiiache ife

SIFA zote njema ni za Allah (S.W.), aliyeiotesha ardhi malisho na akawafanya wanyama kuwa manufaa kwa wanadamu. Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) ametufahamisha kuwa hakuna Nabii aliyetumwa ila alichunga kondoo, na kwamba naye aliwachungia watu wa Makka kwa ujira. Pamoja na hayo, katika nyumba zetu mtoto anayeshindwa masomo huambiwa kuwa mwisho wake ni kuchunga ng'ombe, kana kwamba hiyo ni adhabu.

Tunasema hivyo kwa kuwa hatujui kazi yenyewe inataka nini. Mchungaji hodari huyajua majani kwa majina, lipi hunenepesha na lipi hudhuru. Huijua siku ya kuliondoa kundi kabla majani hayajaliwa hadi mashinani. Akichelewa, mizizi hudhoofu, ardhi hubaki tupu, na mvua huichukua rutuba yake. Sehemu kubwa ya elimu hii haikuandikwa popote. Imo vifuani mwa wazee, nao wanaondoka.

Wenzetu wa Ulaya wameliona hilo kwa kuchelewa. Katika milima ya Pyrenees, kaskazini mwa Hispania, vijana walihamia mijini na wachungaji wakapungua. Malisho yaliyoachwa hayakustawi. Yalimezwa na vichaka, na vichaka vikikauka ni kuni za moto wa msituni. Mwaka 2009 ikaanzishwa shule ya wachungaji huko Catalonia. Mwanafunzi husoma kwanza darasani, kisha hukaa miezi kadhaa kwa mfugaji mzoefu, akifuatana naye malishoni. Wengi wa wanafunzi hao hawakuzaliwa katika familia za wafugaji.

Sisi Waislamu hatukupaswa kungoja somo hilo kutoka Ulaya. Mtume (S.A.W.) aliitenga Naqi', karibu na Madina, iwe hima, yaani malisho yanayolindwa kwa manufaa ya Waislamu. Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.) katika ukhalifa wake alimwagiza msimamizi wa hima awaruhusu wenye wanyama wachache waingie, wala asiwatangulize matajiri, maana mifugo ya tajiri ikifa, anayo mashamba ya kurejea, na maskini hana kitu. Hima ilikuwa na mpaka, ilikuwa na sharti, na ilikuwa na mtu wa kuisimamia.

Hapa kwetu Wasukuma wana ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yafae kiangazi. Mkoani Shinyanga, ambako ardhi ilikuwa imechakaa mno, ngitili zilifufuliwa kupitia mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986, na majani na miti vikarejea. Basi hekima tunayo. Tunachokikosa ni warithi.

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2026 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Nyanda za Malisho na Wafugaji. Ni jambo jema, lakini tangazo halichungi kundi. Tuonavyo sisi, vyuo vya mifugo viwaite wazee wa malishoni wafundishe pamoja na wataalamu, na wanafunzi wapelekwe kwao wakae nao msimu mzima, wa mvua na wa kiangazi.

Nao wenye mifugo wamche Mola wao katika ujira. Mtoto wa miaka 10 aliyekabidhiwa ng'ombe mia moja bila kufunzwa, akanyimwa na shule, hana lawama ng'ombe wakiingia katika shamba la mtu. Lawama ni ya aliyemtuma. Ugomvi mwingi wa wakulima na wafugaji, ambao umekwisha kumwaga damu katika nchi yetu, huanzia katika uzembe kama huo.

Kwenu wazazi, tuache kuifanya kazi ya Mitume kuwa tusi. Kijana anayependa mifugo asomeshwe, kisha apelekwe kwa babu yake akajifunze majina ya majani angali babu yu hai. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga. Malisho nayo ni amana, na waliotutangulia walitukabidhi yakiwa mabichi.

Wabillahi tawfiiq.