Mchumba Hacheki, Kulikoni?

 

Mwezi huu tuongee meno. Subiri, usifungue ukurasa mwingine! Kuna dada mmoja anauza vitenge Mtaa wa Kongo, mchumba wake analalamika eti binti anaringa. Akitaka busu anapewa shavu, akimchekesha anaziba mdomo kwa mtandio. Kumbe si maringo, ni jino la mbele limetoboka, mwaka wa pili huu. Nikamuuliza, mbona huendi kutibiwa? "Dada, hela ya kung'oa ninayo, ya kutibu mzizi sina. Na hili siwezi kung'oa, harusi ni Desemba." Nilimwambia amwonyeshe kaka hilo jino kabla hajamwonyesha gauni. Ila swali lake la hela ndilo limetugombanisha hapa ofisini Posta: hivi bima iwe lazima au hiari?

Wenye ajira serikalini walishazoea. Tangu Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uanze kazi mwaka 2001, mtumishi anakatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri anaongeza 3, wala haulizwi kama anapenda. Kadi yake inamhudumia yeye, mwenza wake na wategemezi 4, na matibabu ya kinywa na meno yamo. Sasa toka Posta kwa miguu uingie Kariakoo. Huko mwajiri ni wewe mwenyewe, na mshahara ni ulichouza leo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inamtaka kila mkazi wa Tanzania Bara awe na bima, muuza vitenge naye humo.

Kaka mmoja ofisini kachachamaa: "Meno yangu mazima, nimchangie nani?" Jamani! Huyo huyo juzi kanipa kadi ya mchango wa harusi ya binamu yake, na meseji za kunikumbusha haziishi. Tunachangia muziki, mapambo na keki ya ghorofa tatu kwa watu tusiowajua, halafu bibi harusi anapiga picha kafumba mdomo. Na hayo meno mazima ya kaka asiyategemee sana. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilisema karibu nusu ya watu duniani, bilioni 3.5, wana maradhi ya kinywa.

Mimi nasema iwe lazima, na meno yawemo kwenye kifurushi cha chini kabisa. Ya hiari tuliiona kwenye Toto Afya Kadi. Ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, bei ya kiatu kimoja cha mtumba kizuri, lakini wazazi wengi walikuwa wanaikata mtoto akishaugua. Mfuko ukaelemewa, na mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasitishwa. Asiyeumwa asipochangia, anayeumwa atatibiwa na nini? Ila kumlazimisha mtu ambaye leo hajauza kitu, hapo serikali imlipie. Kumkimbiza na faini ni kumuonea.

Kuna jambo lingine linatuhusu sisi wa mambo ya mapenzi, na sijui kwa nini halisemwi. Ukitaka kumwandikisha mwenza kwenye kadi, unadaiwa cheti cha ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inawadhania wanandoa watu walioishi pamoja miaka 2 na kuonekana hivyo kwa jamii, lakini dirishani hiyo dhana haina muhuri. Wangapi mnaishi wawili, mna watoto wawili, na cheti hamna? Jino likimuuma huyo "mke wangu" wako usiku wa manane, kadi yako inamjua? Niandikieni mlivyojipanga, barua nitazichapa mwezi ujao, majina tutaficha.