Kazi za mikono: Patroni ya strasi, kabla ya kufungua sanduku

Tarehe 8 ya mwezi wa 3 inakaribia. Vikundi vinaombwa kuweka maandishi ya strasi, yale mawe madogo ya kung'aa, juu ya blauzi na vikwembe, na katika mikutano tunasikia pendekezo moja: tufungue sanduku tununue mashine ya kukata patroni. Mashine hiyo ni mamia ya dola, tena ni akiba ya wamama wote. Basi tuongee polepole.

Patroni ni kipande kinene chenye matundu, kilicholazwa juu ya kibao laini. Unamwaga mawe, unayasugua na brosi, kila jiwe linaingia katika tundu lake, gundi ikiangalia chini. Halafu unabandika filamu yenye gundi juu, unainua mawe yote pamoja, unayaweka kwenye nguo na kupiga pasi. Patroni inabaki. Ukitoboa jina la kikundi mara moja, litatumika kwa blauzi 5 au 50. Ndiyo maana tunasema mashine inasaidia pale michoro ni mingi, si pale nguo ni nyingi. Kikundi chenye jina moja na ua moja kinaweza kutoboa kwa mkono.

Unene ndio wa kuangalia kwanza. Jiwe likae ndani, lakini kichwa kitokeze kidogo, la sivyo filamu haitalishika. Vinili nyembamba ya kubandika kwenye magari haifai, brosi itapita na mawe yote. Wenye mashine hutumia vinili nene yenye velure juu na gundi chini. Ni nzuri sana, ila huagizwa mbali. Kwa mkono, raba nyembamba na laini ya fundi viatu inatosha. Karto ngumu inakubali pia, lakini kingo za matundu huota nyuzi, na wakati wa mvua inavimba. Sisi tunaiweka kwa majaribio tu.

Soma namba kwenye pakiti ya mawe. SS6 ina upana wa karibu milimita 2, SS10 karibu 2.8, SS16 karibu 4. Tundu lizidi jiwe kidogo: kwa SS10 toboa 3.5, kwa SS16 toboa 4.5. SS6 waachieni wenye mashine, macho yenu ni ya thamani. Kwa kupanga matundu, kaye ya hesabu ya watoto yenye miraba ya milimita 5 ni msaada mkubwa: weka nukta kwenye kila pembe ya mraba. Kwa SS10 kutabaki milimita 1.5 kati ya tundu na tundu. Kwa SS16 itabaki nusu milimita tu, na raba itachanika, kwa hiyo ongeza nafasi.

Koleo ya kutoboa mikanda, ile yenye kichwa cha kuzunguka, inafika pembeni tu. Kwa katikati inahitajika chuma chenye mdomo wa mviringo, kinachogongwa kwa nyundo juu ya kipande cha mti. Mdomo uwe mkali. Ukiwa butu, tundu linatoka na mabaki na jiwe linakaa upande.

Kama kweli kikundi kinapokea majina tofauti kila juma, mashine inaweza kujilipa. Muulize muuzaji nguvu ya kisu: kwa vinili nene tafuteni gramu 350 au zaidi, kisu cha digrii 60, siyo 45 cha kawaida. Ikate polepole, mara mbili. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, kipande hicho kimepotea. Hilo nalo liingie katika hesabu.

Kuna njia ya tatu ambayo tunaipenda zaidi. Mafundi wa vibandiko mjini wana mashine ya kisu tayari. Pelekeni mchoro na vinili yenu, mlipe kazi ya kukata tu. Akisema anakata kwa mwali wa laser, kataeni: vinili ya PVC ikiunguzwa hivyo hutoa moshi wa sumu unaochoma mapafu. Mwenye kisu, mpeni herufi moja kwanza, mwage mawe palepale mbele yake, ndipo mlipie iliyobaki.