Kabla ya sindano, mkojo uoteshwe

Kila asubuhi, kabla sijanywa chai, nafungua inkubeta ya maabara na kutoa sahani zilizolala humo usiku kucha. Mkojo wenye E. coli haujifichi: sahani iliyoingia na rangi ya bluu-kijani hutoka ya njano. Nawachukua wale bakteria, nawapaka kwenye sahani nyingine, kisha napanga juu yake vijiduara vya karatasi, kila kimoja na dawa yake. Kesho yake, dawa iliyoweza imejizungushia uwanja mtupu. Iliyoshindwa, bakteria wameota mpaka wameigusa.

Nina miaka kumi na miwili katika kazi hii hapa Mwanza, na sahani zinazonitisha ni zile ambazo kijiduara cha seftriaksoni kimezingirwa mpaka ukingoni.

Wengi mnaijua hata kama jina hamlijui. Ni ile sindano ya unga mweupe unaochanganywa na maji. Ukimaliza tano unaambiwa UTI imeisha. Zahanati zinaipenda kwa sababu inachomwa mara moja kwa siku na inaua bakteria wa aina nyingi. Ukoo wake ulianzia kwenye kuvu ambao Giuseppe Brotzu aliwapata mwaka 1945 palipokuwa pakimwagwa majitaka baharini, mjini Cagliari, Italia. Ni dawa ya thamani kubwa. Mtoto akiletwa usiku ana homa na shingo imekakamaa, sitaki daktari asubiri sahani yangu. Achukue sampuli, achome, na jibu langu likitoka ahamie dawa inayomlenga bakteria yule peke yake. Antibiotiki ya wigo mpana ni ya saa kama hiyo.

Kinachonikera ni inavyotumika saa nyingine zote.

Mwaka jana alikuja mama mmoja anayeuza dagaa mwaloni, ana “UTI sugu” ya miezi minane. Kwenye mfuko wake wa nailoni mlikuwa na vyeti vya zahanati tatu. Nilihesabu sindano kumi na tano, ukiacha siprofloksasini na azithromaisini alizojinunulia dukani. Hakuna aliyewahi kumwotesha mkojo. Kote waliangalia kwenye hadubini, wakaona seli chache za usaha, wakaandika UTI.

Nilipompa majibu aliyasoma kwa kidole, mstari kwa mstari. “Mwanangu, mbona R, R, R?”

“R ni dawa iliyogoma, mama.”

Kidole kikasimama kwenye seftriaksoni. “Hata hii? Si ndiyo kali?”

Nilishindwa kumtazama usoni. Neno hilo “kali” ndilo linalotuponza, na sisi watumishi wa afya ndio tuliolifundisha. Dawa huwa kali kwa bakteria huyu, na kwa yule ikawa sawa na maji. Sindano ya wigo mpana haichagui: inafika tumboni, inafyeka bakteria wapole wanaotulinda, inawaachia nafasi wale wenye kimeng’enya cha kuivunja. Hao wakishaenea, ndio wanaoingia kwenye njia ya mkojo safari ijayo, maana E. coli wa UTI wengi wao wametoka tumboni mwa mgonjwa mwenyewe.

Tangu 2017, Shirika la Afya Duniani limezigawa antibiotiki makundi matatu. Amoksilini na nitrofurantoini ni za kuanzia; seftriaksoni na azithromaisini ni za kutumia kwa uangalifu; za mwisho ni akiba. Watafiti walikadiria kuwa mwaka 2019 usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani. Septemba 2024, nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilikubaliana kwamba kufikia 2030 angalau asilimia 70 ya antibiotiki wanazotumia binadamu zitoke kundi la kwanza. Sioni tutafikaje huko kama kuotesha ni kipimo cha hospitali kubwa tu.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Naomba kuotesha kusikosekane kwenye kitita cha msingi, kabisa. Makohozi ya kifua kikuu tunayasafirisha kutoka vijijini. Mkojo kwenye kiboksi chenye barafu unasafiri vilevile. Najua siku mbili tatu ni ndefu kwa anayeungua kila akienda haja ndogo. Aanzishiwe kidonge cha kundi la kwanza huku akisubiri.

Yule mama alikuwa na S moja karatasini, yaani dawa iliyoweza, chini kabisa: nitrofurantoini. Daktari alimwandikia vidonge vya siku tano. Baada ya wiki mbili alileta mkojo mwingine, na asubuhi sahani yake ilitoka kwenye inkubeta ikiwa bado na rangi ya bluu-kijani.