Maumivu si tiba

Mwandishi mwenzangu ametetea gazetini maumivu kidogo, yanayosimamiwa na mtaalamu, kwa watoto wenye usonji wanaojiumiza au kupiga wengine. Anadai yanafaa. Nakataa.

Maumivu ya kusimamiwa tumeshayaona. Mwaka 2002, katika kituo cha Judge Rotenberg, Massachusetts, kijana wa miaka 18 alikataa kuvua koti. Alifungwa kifudifudi kwa saa kadhaa akapigwa shoti za umeme 31, nyingi kwa kosa la kukaza mwili na kupiga mayowe. Yaani aliadhibiwa kwa kuumia! Na wahudumu wa kituo walikuwa na mpango wa maandishi wa kusimamia adhabu hiyo.

Hapa Muthangari kuna mtoto anayeziba masikio pikipiki zikipita, kisha anajigonga kichwa ukutani. Kofi litamnyamazisha, sawa. Lakini kelele iko palepale, na sasa anamwogopa mama pia.

Ibara ya 29 ya Katiba ya Kenya inakataza mateso na adhabu ya viboko kwa mtu yeyote. Haikumtenga mwenye ulemavu.

Mzazi aliyechoka simlaumu hata kidogo. Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache, na ada zao wengi hawazimudu. Basi tuidai kaunti iwaajiri katika zahanati zake, tuidai serikali walimu wa elimu maalum, tudai mtu wa kumpokea mzazi huyo japo siku moja kwa wiki apumzike. Mwenzangu hakudai hata kimoja kati ya hivyo. Alitaka mtoto tu ndiye avumilie.