Safari Fupi ya Sierra Nevada
Mtu aliyeazimu kuipitisha likizo yake ya kiangazi katika mwitu wa milima ya Sierra Nevada, huko California, akichukua hema na maakuli mgongoni, yampasa, kabla ya kufikiri habari za viatu, apate idhini ya kulala porini, kwani idadi ya waingiao kwa kila njia imewekewa kadiri, nami naiona ni insafu. Kisha aulize hali ya theluji, ambayo mwaka ikizidi huyaziba mapito ya juu hata Julai. Katika hifadhi ya Yosemite, iliyomo milimani humo, chakula, na hata sabuni, sharti vihifadhiwe katika kopo gumu lisilofunguliwa na dubu. Na ujazo wa kopo hilo, zaidi ya ushujaa wa msafiri, ndio utakaomkadiria siku zake.